Siku Babu Alipoitwa Nabii

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu hunyanyuka wenyewe ukashika kifua. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, tulipokuwa tumehamia kijiji kipya ng'ambo ya Sepuka na kuta za nyumba nyingi zilikuwa bado hazijakauka udongo. Gari la serikali lilisimama mbele ya nyumba ya babu mchana kweupe. Akashuka askari, akashuka na karani, na karani akauliza kwa sauti iliyofika hadi kisimani:

"Yuko wapi huyo nabii wenu?"

Tulicheka. Ndiyo, mwanangu, tulicheka, maana tulidhani ni utani wa watu wa mjini. Kisha tukaona askari hacheki.

Babu yangu, Mzee Saidi, baba yake mama, alikuwa ameketi akichonga mpini wa jembe. Aliuweka chini polepole, akauliza wanamtafuta nani. Karani akatoa karatasi mfukoni, akaitazama. "Saidi ni wewe? Tumearifiwa kwamba unabii wako unawazuia watu kulima mahindi ya kijiji. Twende, utajieleza bomani."

"Mimi?" babu alisema. "Unabii?" Nilimwona akigeuka kututazama, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nani kamtukana. Ujue alikuwa Mwislamu wa swala tano, mzee aliyejua dini yake. Kwake yeye mlango wa unabii ulifungwa zamani, na atakayejidai kuufungua amekwisha potea. Afadhali wangemwita mwizi. Akasema maneno ya Kinyaturu ambayo karani hakuyaelewa, halafu akaingia ndani kuvaa kofia yake. Wakaondoka naye.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeshaanza kuposwa, lakini nililia kama mtoto. Katika kulia kwangu nikamwona kaka yangu Petro amesimama pale pale aliposimama mwanzo, hasogei, uso umekuwa wa majivu. Sisi wengine wote hatukujua neno hilo limetoka wapi. Petro alijua.

Ngoja nikueleze, maana ukilichukua jambo katikati utamlaumu asiyestahili.

Kwetu tulikuwa watu wa dini mbili bila ugomvi. Mama, binti wa Mzee Saidi, aliolewa na baba yetu Mkristo, nasi watoto tukabatizwa. Idi tulikula kwa babu. Krismasi babu alikula kwetu, na mbuzi alichinjwa kwa mkono wake ili pasiwe na wa kusita. Na babu alikuwa na sifa moja kijijini: aliitazama mvua kabla haijaja. Hakuwa mganga, wala hakuwahi kupokea hata kuku kwa kazi hiyo. Alitazama mitundu, ile miti ya porini, inatoa majani lini, upepo unatoka upande gani, mchwa wanafanya nini, ng'ombe wanalala wameelekea wapi. Dalili ya mvua ni mawingu, wasema watu, lakini babu alisema mawingu ni dalili ya wavivu, maana yakishatanda hata kipofu anajua.

Mwaka ule mitundu ilichelewa, na upepo wa vumbi ulikataa kutulia. Watu walipomuuliza, akawajibu mbele yangu: "Mvua naona itachelewa, na ikija haitakaa. Mimi shamba langu nitapanda uwele. Lakini mjuzi ni Mungu." Basi. Hayo ndiyo aliyoyasema, wala hakumkataza mtu chochote. Ila watu waliposikia, wakaanza kusitasita kuandaa shamba la pamoja, lile ambalo tuliagizwa tupande mahindi.

Wilayani kulikuwa na mtaalamu wa kilimo, mgeni kutoka ng'ambo, ambaye Kiswahili kilikuwa bado hakijamwingia. Akatuma ujumbe aandikiwe kwa Kiingereza: kwa nini shamba la kijiji chenu halijatifuliwa? Na katibu wa kijiji alikuwa Petro. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la kumi, na kwa siku zile, mwanangu, darasa la kumi lilikuwa mlima. Hakuna mwingine kijijini aliyeweza kuandika sentensi tatu za Kiingereza zikasimama.

Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kututetea, huyo mgeni asije akatuona wavivu. Akaandika kwamba watu si wavivu, wanangoja kwa sababu ya utabiri wa Mzee Saidi. Sasa hapo kwenye utabiri ndipo alipokwama. Alikuwa na kamusi ndogo iliyong'oka jalada. Akalitafuta neno, akakuta Kiingereza kinatoa zaidi ya moja: kuna prophecy na kuna forecast. Sisi kwa Kiswahili utabiri unabeba mizigo yote miwili, wa mtu wa Mungu na wa mtu wa redio anayesema kesho kutanyesha. Kiingereza kimeigawa: prophecy ni ya mtu wa Mungu, forecast ni ya yule wa redio. Petro hakuuliza imegawanywaje. Prophecy alikuwa amelisikia kanisani shuleni, likasomwa kwa sauti nzito, akaona hilo ndilo lenye heshima ya mzee. Forecast aliliona jepesi.

Alipomaliza alituita uani tumsikilize. Alisimama, mkono mmoja nyuma, akasoma. Mama hakuelewa hata neno moja, lakini alipiga makofi na kusema, "Rudia hapo kwenye profesi, pananoga." Petro akarudia. Mimi nilikuwa na Kiingereza kidogo cha shuleni, nikamuuliza, "Kaka, ile 'mjuzi ni Mungu' ya babu umeiweka wapi?" Akanijibu kwamba Kizungu hakipendi maneno mengi. Nikakubali, nikijivunia kuwa na kaka kama yule.

Haraka haraka haina baraka. Barua ilikwenda kwa baiskeli asubuhi ile ile.

Basi gari lilipoondoka na babu, Petro alimfuata mama jikoni akamwambia yote. Wale wa ofisini, alisema, wamesoma prophecy, wakaitafsiri kwa Kiswahili ikawa unabii. Mama alikuwa anapepeta ulezi. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Neno limetoka mkononi mwako. Lifuate." Kisha akanigeukia mimi. "Nawe nenda naye. Mpelekee babu yako blanketi. Na huyu usimwache peke yake."

Jioni ile kijiji kilikuwa kimya kwa namna ambayo sijaisahau. Watu walisogea mbali na mlango wetu. Waliokuwa wameandaa mbegu za uwele wakazirudisha ndani, wakihofu kwamba atakayeonekana anapanda uwele ataitwa mfuasi wa nabii. Mzee mmoja aliyeswali na babu miaka mingi alipita njiani akamuuliza mama, bila hata kumtazama, kama ni kweli Saidi amesema hayo maneno. Hilo lilimchoma mama kuliko gari la askari. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nakuongezea, ulimi wenyewe unasikiwa na waliokaa karibu tu. Kalamu inajikwaa mbele ya watu usiowaona.

Asubuhi tulipata lori la magunia kutoka Sepuka. Njia nzima Petro alikuwa anasogeza midomo, anajipangia maneno. Mimi nilikuwa nafikiria babu amelala wapi, na kama walimpa maji ya kutawadha. Nilifikiria pia kwamba Petro akikiri kosa wanaweza kumweka ndani yeye, na mama atabaki na wawili wa kulilia. Lori liliposimama mjini sikushuka. Ilibidi Petro anishike mkono.

Babu tulimkuta kwenye benchi nje ya ofisi. Alikuwa amelala mahabusu, kofia imekunjamana. "Shikamoo babu," nikasema, nikamfunika blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa limepanda. "Marahaba," akaitikia, kisha akauliza kama mbuzi wake wamenyweshwa. Petro naye akatoa shikamoo. Babu akaitikia, ila hakumtazama. Nadhani usiku ule alikuwa amekwisha waza, akajua ni nani kijijini anaandika.

Tuliitwa ndani sote watatu. Mkuu wa ofisi ile hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Kumbe upande mwingine wa wilaya palikuwa na mtu aliyewaambia watu waache majembe wangoje mwisho wa dunia, na familia nyingi zilikuwa hazina akiba ghalani. Aliposoma barua yetu, aliyoletewa na yule mtaalamu, aliona moto wa pili unawaka.

"Ndiye wewe uliyeandika hii?" akamuuliza Petro.

Na hapo, mwanangu, hofu ikamfanyia kaka yangu jambo la ajabu. Akaanza kujibu kwa Kiingereza. Maneno aliyojipangia njia nzima yakatoka yamevunjika, moja huku, jingine kule. Mkuu akakunja uso. Nikaona mambo yanaharibika mbele ya macho yangu, na mimi ambaye sikuwa nimeruhusiwa kusema nikasema, "Kaka, sema Kiswahili. Babu yupo hapa. Naye asikie."

Mkuu alinitazama, halafu akamwambia Petro, "Msikilize dada yako."

Petro akavuta pumzi. "Ndugu Mkuu, nilikosea neno. Babu yangu si nabii wala hajawahi kujiita hivyo. Anatazama dalili za mvua, kama wazee wengine. Kwa Kiingereza ningeandika forecast. Nililiona kwenye kamusi nikaliruka."

"Juzi kwa maandishi yako alikuwa nabii," Mkuu akasema. "Leo amelala ndani usiku mmoja, amekuwa mzee wa dalili. Nitajuaje kwamba hulibadilishi neno ili umwokoe babu yako?"

Petro angesema nini? Mtu aliyekwisha kosea neno moja, neno lake la pili linasimama juu ya nini?

Ndipo babu akaomba kusema. Alisimama, akakunja blanketi akalilaza kwenye kiti.

"Mwanangu," alimwambia Mkuu, "nabii wa Mungu hukosea akitabiri?"

"Kwa ninavyofundishwa mimi, hapana."

"Basi sikiliza makosa yangu, halafu uniambie mimi ni nani. Mwaka aliozaliwa binti huyu nilisema mvua itawahi. Watu wakapanda, mbegu zikakauka ardhini. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniita mwongo mbele ya wageni, na alikuwa na haki. Mwaka mwingine nikasema itakuwa haba. Mto ulifurika ukachukua mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wangu mwenyewe. Nilikuwa nimewafunga bondeni, kwa kuwa niliyaamini maneno yangu."

Karani aliyekuwa kando akaficha mdomo kwa mkono. Mkuu akajizuia, mwishowe akashindwa, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Babu hakucheka. Alikuwa bado amesimama, na nilipotazama mikono yake niliona inatetemeka.

Mkuu akamsogezea Petro karatasi. "Andika upya. Hapa hapa."

Petro akaandika, na safari hii kila mstari alimgeukia babu akamuuliza: ulisema nini hasa, ulitazama nini, ulisema kwa hakika au ulisema unaona? Ilichukua muda. Mwisho babu akauliza, "Umeweka kwamba naweza kukosea?"

"Nimeweka, babu."

"Soma."

"Ni Kiingereza, babu, hutaelewa."

"Soma. Nataka nisikie kama ipo."

Petro akasoma sentensi ile. Babu akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Tukaruhusiwa. Lakini tulipofika mlangoni Mkuu alimwambia babu, kwa upole kabisa, "Mzee, nenda salama. Ila haya maneno ya mvua yapunguze." Babu akaitikia, "Nimesikia."

Tulingoja lori hadi jua lilipoanza kuinama, tumekaa juu ya magunia ya watu. Petro akapiga magoti mavumbini, akaomba msamaha. Babu akamuuliza swali ambalo mimi nimelibeba hadi uzee huu.

"Ulipokuwa unaandika, Petro, ulikuwa unamwandikia nani? Yule mgeni aliyetaka kujua habari za shamba, au mama yako aliyekuwa anakupigia makofi?"

Petro akainamisha kichwa.

"Neno la watu wengine," babu akaendelea, "ni kama mkwe. Humwingizi ndani kwa sababu ana sauti nzuri. Unauliza kwao, unauliza tabia yake, unauliza anaishi na nani. Umeniingizia mkwe mwenye upanga. Nimekusamehe, inuka. Lakini mwili wangu bado unaogopa, na huo siwezi kuuamrisha."

Alisema kweli. Tuliporudi, mwalimu wa madrasa alikuja kula kwa babu mchana, mbele ya watu wote, ili watu waone na waache minong'ono. Watu wakarudi, salamu zikarudi. Mvua ilipokaribia, wazee wakaja kumuuliza kama desturi. Babu akawaambia, "Macho mnayo. Tazameni." Wakadhani anatania. Wakarudi tena, akawajibu vile vile.

Mwaka ule wengine walipanda uwele, wengine mahindi, na mvua ikawa ya kati, haikumpa mtu haki wala haikumnyima. Petro aliomba kuachia ukatibu, akaenda kufundisha madarasa ya watu wazima. Mimi nikaolewa Ihanja. Msimu wangu wa kwanza wa kulima shamba langu mwenyewe nilimwendea babu, nikamuuliza tukiwa wawili tu, hakuna wa kusikia. Akaangalia juu kwa muda mrefu. Niliona midomo yake inaanza kufunguka. Kisha akaifunga, akaniuliza habari za ndama wangu. Alikufa miaka michache baadaye, na hakuna aliyewahi kumsikia tena akitaja mvua ambayo haijanyesha.

Hiyo ndiyo gharama, mwanangu. Yeye tulimrudisha nyumbani. Sauti yake hatukuipata tena, na yale aliyoyajua juu ya mitundu na upepo amezikwa nayo.

Sasa wewe umesoma kuliko Petro, na Kiingereza unakiandika kwa kidole huku unatembea. Nakusihi usidharau tofauti ndogo. Mtu akitazama dalili akasema anavyoona, iwe mvua, iwe mavuno, iwe bei ya alizeti, hiyo iandike forecast, na useme ametazama nini. Prophecy iache kwa yule anayesema ametumwa na Mungu, na hata huyo usimpe kabla hajajiita mwenyewe. Ukikuta kamusi imekupa maneno mawili, jua kuna sababu ni mawili. Kuuliza si ujinga. Na ukibeba maneno ya mtu, beba na shaka yake. Alisema "naona", usiandike "itakuwa". Alisema "mjuzi ni Mungu", usiikate ukidhani ni pambo. Mara nyingi hapo ndipo penye usalama wake. Tena kabla hujatuma, jiulize unamwandikia nani, anayehitaji kujua au anayekupigia makofi.

Maji yakimwagika hayazoleki, nami sitaki uje kukaa kwenye benchi la ofisi ukimtazama mtu unayempenda anatetemeka mikono kwa ajili ya herufi zako.

Mungu akuongoze mkono uandikapo, mwanangu. Akupe neno lililo sawa kwa wakati wake, na akupe subira ya kulingoja likichelewa. Wanaokuamini kwa maneno yao wakukute mwaminifu, na wazee wa nyumba yako wasiogope kusema mbele yako. Amina.